Ubeti wa Kinuni

Nambua alisimama mlangoni mwa ukumbi ambamo bendi ya roki ya binti yake ilikuwa ikifanya mazoezi. Gitaa lilinguruma, ngoma zikafuata, kisha Seluwa akaimba: “Kinu, nimezee neno hili, mama mkwe ana meno hata usingizini.”

Nambua aliingia bila hodi. “Zimeni hizo spika. Ubeti huo umeupata wapi?”

“Ni wimbo wa kutwangia tu, mama. Wa watu wote.”

“Wimbo ni wa watu wote. Ubeti ni wangu. Niliutunga peke yangu uani, nina mimba yako. Nani kauiba? Bibi yako akiusikia, tutalala wapi?”

Mpiga ngoma akacheka. “Kumbe mtunzi tunaye!”

“Nyamaza wewe.”

Seluwa alitazama chini. “Kanifundisha bibi mwenyewe.”

Miaka ishirini Nambua na mama mkwe walikuwa wakila chungu kimoja, na mama mkwe hakuwahi kusema lolote. Mila ilimzuia: anayesemwa kinuni hajibu, mpaka naye ashike mchi.

“Alikuwa anacheka alipokufundisha?”

“Hapana. Kaniambia nikifika hapo nipaze sauti, utakuja mwenyewe.”

Nje kulisikika kitu kizito kikibingirika. Mama mkwe aliingia akisukuma kinu kwa mguu, michi miwili kaibana kwapani. Alikisimamisha kinu katikati ya ukumbi, akawasalimu vijana, akamnyooshea Nambua mchi mmoja.

“Haya, mwanangu,” alisema. “Waambie wapige.”