Tundu Moja la Maji

"Mwambie baba yako akitoboa boti upande wangu, nahama!"

Mama alifoka kutoka jikoni. Binti alikuwa na tochi mdomoni na mkono mzima chini ya sakafu, akipapasa mbao kuukuu.

Wazazi wake waliishi humo botini tangu walipostaafu. Mwaka jana waligombana, wakaigawa boti kwa ukuta wa mbao: baba nyuma kwenye injini, mama mbele kwenye jiko na choo. Hata salamu hawakupeana. Wazee wazima, jamani! Sasa baba alitaka maji ya bahari ya kupoza injini, mama ya choo na kuoshea sitaha, na kila mmoja alidai tundu lake.

Mbao zilikuwa zimechoka kama binti mwenyewe. Kwa matundu mawili, boti ingezama na ukaidi wao wote. Zamani alikuwa akiwapigia simu tu. Mwaka huu yeye, aliyekuwa fundi boti katika mji wa mbali, alikuwa kiguu na njia kuja kuwaamua.

Akachora tundu moja, bomba moja, chujio moja, kisha matawi mawili: moja huku, moja kule.

"Vali ya kufungia maji ikae wapi?"

"Kwangu," alisema baba.

"Thubutu!" ukuta ukajibu.

"Na mwambie mama yako aache kubeba ndoo na mgongo wake ule. Ataniharibia sitaha."

Binti alishusha pumzi. Vali akaiweka katikati, chini ya ukuta, kila mmoja aweze kuifikia. Alasiri maji yakatoka pande zote mbili bila kuvuja hata tone. Akawaaga huyu huku, yule kule, kila mmoja akimsemea mwenzake mpaka mlangoni. Mgongo ulimuuma, na kwa kweli alitaka kulia.

Alipofika gatini akakumbuka kibanio kimoja cha bomba hakukikaza. Akarudi kwa kunyata, asije akaanzishiwa kesi upya, akateremka kwenye injini kupitia mlango wa sitaha. Upande wa baba hapakuwa na mtu.

Ng'ambo ya ukuta, kiti kilivutwa.

"Kakonda mtoto," ilisema sauti ya baba.

"Kakonda, lakini leo kala vizuri." Mama alikuwa akimimina chai. "Haya, mume wangu, fikiria upesi. Sasa tugombanie nini ndipo arudi?"