Mayai Kumi na Tisa

Bi Mgeni alikuwa amechoka tangu ndani ya basi, miguu imemvimba. Kikundi chao cha akina mama wafuga kuku kilikuwa kimekuja ufukweni siku mbili kuwasaidia watunza kasa. Asubuhi hiyo walikuwa wakihamisha mayai ya kasa kutoka kwenye shimo ambalo maji yalikuwa karibu kulifikia.

Aliyapokea moja moja, akalitikisa kila moja sikioni, kama afanyavyo nyumbani akitafuta mayai viza, kisha akayapanga ndooni.

Shebwana, mtunza kasa, alimshika mkono taratibu. "Mama, la kasa halitikiswi wala haligeuzwi. Mtoto hufia humo humo."

"Hapa si bandani kwako, shoga," Tunu, mwenzake wa kikundini, alimtania.

"Nimeshatikisa kumi na tisa," Bi Mgeni alisema.

Shebwana aliyafukia hayo kando na mengine, akachomeka kijiti. "Huenda moja au mawili yakapona. Tutajua baada ya siku sitini."

"Na sisi tunaondoka kesho."

"Ndiyo, mama."

Kesho yake basi lilipiga honi mara tatu. Tunu alishuka kumtafuta mwenzake, akamkuta ameketi kando ya kijiti, kiganja amekilaza juu ya mchanga kama anayempima mtoto homa.

"Twende, shoga. Wenzio wanakungoja."

"Mchanga una joto," Bi Mgeni alisema, wala hakuinua mkono.