Mnajua Kukimbia Tu

"Ninyi wa mrengo wa kushoto mnajua kukimbia tu," Byeong-ho alinicheka, akijilaza chini ya chuma cha kunyanyua kwenye uwanja wa mazoezi kilimani, Daegu. "Chuma ni chetu sisi wazalendo. Yale maandamano ya ujanani, si nilikukimbiza na rungu la polisi mpaka ukaacha kiatu?"

Wazee wenzetu walikuwa wameshashuka kunywa pombe ya mchele.

Akanyanyua mara nane. Ya tisa, mikono ikamtetemeka, chuma kikamkalia kifuani. Uso ukamwiva kama pilipili.

"Kaka!" Hakuwahi kuniita hivyo. "Kaka, nishikie!"

Sikukawia. Nikainama, nikakaza kamba za viatu vyangu, fundo mara mbili, kila mguu.

"Kaka, nakufa!"

"Pole," nikamwambia. "Sisi tunajua kukimbia tu."