Mlio Kutoka Stoo

Mama mkwe, aliyewatembelea kwa mara ya kwanza tangu harusi, aliuma paja la kuku. Ngozi ikalia kwaru.

"Hili limeogelea kwenye mafuta," alisema. "Kuku wa vile vikaangio vya hewa ni chakula cha wagonjwa."

Mke wa mwanawe akatabasamu huku jasho likimtoka. Karai la mafuta lililokuwa jikoni lilikuwa geresha tu. Kikaangio chenyewe alikificha stoo, na mapaja mengine yalikuwa humo yakiendelea kuiva.

Ghafla stoo ikalia: ti, ti, ti.

Mume akakohoa kwa nguvu. Mkewe akaganda, bakuli mkononi.

"Tulia, mwanangu," mama mkwe alisema, akilamba kidole. "Huo si mlio wa kuiva. Huo ni wa kugeuza."

Kisha akaacha kutafuna.