Orodha ya Watu wa Nyumba Hii

Lugha ya kompyuta aliyoitunga Hemedi peke yake, mwaka mzima, ilibakiwa na swali moja tu: amri ya kutafuta jina kwenye orodha ijibu nini ikilikosa? Ikijibu sifuri, itadanganya, kwa kuwa mashine huanza kuhesabu na sifuri, na sifuri ndiyo nafasi ya kwanza. Ikipiga kelele za kosa, programu nzima inazima.

Akampigia simu Tunu, aliyewahi kufanya naye kazi.

"Kaka Hemedi, ukienda kwa watu ukapiga hodi mara tatu, kimya, unafanyaje?"

"Naondoka."

"Sasa hiyo mashine yako inang'ang'ania nini mlangoni? Ikikosa, iseme hakuna, iendelee na mambo yake."

Kumbe rahisi hivyo. Akaandika mistari minne, akaijaribu kwa orodha aliyoizoea, ya watu wa nyumba hii: Hemedi, Salha. Akamtafuta Salha. Mashine ikampata papo hapo.

Hemedi akageuka kutazama pembeni mwa dirisha. Cherehani ilikuwa imeacha alama nne sakafuni tangu Salha alipohama nayo, kabla ya mvua za vuli. Nyuzi zake mbili tatu bado zilikuwa zimenasa kwenye mkeka, hakuwahi kuzifagia.

Akarudi kwenye orodha, akalifuta jina la mkewe, kisha akalitafuta.

Hakuna.

Programu haikuzima. Ilishuka mstari wa chini, ikamsubiri. Amri ilikuwa sahihi kabisa. Akalitafuta tena.

Hakuna.

Akaliandika mara ya tatu, herufi moja moja, kidole kikabaki juu ya kitufe bila kukibonyeza.