Diplome Mbili kwenye Simu

Kidole gumba cha binti yangu Scholastique kilisimama juu ya kioo cha simu, chaki imekauka kwenye mikunjo yake. Amefundisha Kiingereza hapa Bunia tangu ujana, na sasa anatafuta diplome ya walimu wazoefu, ya kusomea nyumbani. Zilibaki mbili.

"Ya kwanza ni kusoma na kufanya examen tu," aliniambia. "Ya pili inaomba video yangu nikifundisha. Mama, darasa yangu iko na batoto mia, bengine banakaa chini. Benye kuangalia video batanicheka."

"Na gani itakusaidia?"

"Ya pili."

Nikamtegea kitendawili: "Mama mumoja anapikia kijiji kizima mu chungu kimoja, wote wanashiba. Mugeni akifika, anaficha chungu. Ni nani?"

Hakunipa mji kama mtu aliyeshindwa kitendawili. Jibu alikuwa nalo.

Akapangusa kidole kwenye kitenge changu, akabonyeza ya pili.

"Na hiyo video," nikauliza, "nani atashika simu?"

"Weye, mama."

"Mikono yangu inatetemeka, mwanangu."

"Hata yangu."