Weupe wa Jicho

Mchoraji alichovya brashi kwenye rangi nyeupe, akamtazama bintiye aliyeketi karibu na dirisha, kisha akasita. Weupe ule haukufanana na macho ya mtoto. Akaongeza njano kidogo. Bado. Akaongeza tena.

Tangu mama aache kazi ya benki ili ajitegemee kwa sanaa yake, mtoto alizoea kuuona mgongo wake tu. Kila alipomwita, jibu lilikuwa lile lile: "Subiri, mwanangu, nimalizie." Mumewe alitania kwamba mkewe ameolewa na turubai la kuchorea. Wiki hii tu ndipo alipompa mtoto kiti mbele yake, maana maonyesho yake ya kwanza yalikuwa yamebisha hodi na picha moja ilipungua.

"Mama, nimechoka."

"Tulia kidogo, mwanangu. Yamebaki macho tu."

"Hata jana nilikwambia nimechoka."

Mchoraji aliongeza tone jingine la njano. Rangi ilikuwa imekolea kama kiini cha yai, na sasa ilifanana sawasawa na jicho la mtoto. Aliitupa brashi, akapiga magoti, akaivuta kope ya chini ya mtoto kwa kidole kilichojaa rangi. Hata ndani palikuwa pa njano. Akavigeuza viganja vya mtoto. Njano.

"Umeanza lini kuwa hivi?"

Mtoto alimkodolea macho kwa mshangao. "Si ulikuwa unaniangalia?"

Mchoraji alimnyanyua, akashtuka jinsi alivyokuwa mwepesi, akaanza kumwita mumewe kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia.